Zamu ya Kumlisha Dioo

Ukimsikiliza Mama Ndululu, paka yule hakuteleza wala hakuzidiwa. Alikusudia. Mama Ndululu anasema alikuwa amesimama mlangoni pa stoo ya kanisa, amekuja kuchukua kibuyu cha maziwa ya jana, salamu bado iko mdomoni, paka akamtazama usoni kama mtu unayemchelewesha. Kisha akalipita karai lake la mchanga bila hata kulipa heshima ya kulinusa, akapanda juu ya magunia ya ndengu na kuanza kuchagua.

"Alichagua, watu wa Mungu! Hili hapana. Hili hapana. Hili ndilo!"

Na lililokuwa ndilo, ni gunia la Wariara mwenye duka. Paka akainua mkia, akamaliza shida zake zote hapo, kisha akakivuta kitambaa cha meza ya Bwana akafunikia uovu wake.

Hivyo ndivyo Mama Ndululu alivyosimulia asubuhi bombani. Kufika saa ya chakula cha mchana, paka alikuwa amecheka. Jioni, kwenye bucha ya Mbuvi, paka alikuwa amesimama kwa miguu miwili.

Mumbua alizisikia habari zote tatu na hakubisha hata moja, kwa maana kubishana na Mama Ndululu ni kumwongezea kuni. Lakini yeye ndiye mwenye paka, na ndiye aliyelisugua lile gunia kwa maji ya sabuni. Kitambaa cha meza ya Bwana kilikuwa kabatini, kimekunjwa. Kilichochafuka ni tambara la kufutia vumbi. Hata hivyo gunia lilikuwa la Wariara kweli, na uchafu ulikuwa uchafu kweli, tena wa majimaji.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, huko Kiboko, kwenye barabara ya Mombasa. Mvua ya Novemba ilikuwa imenyesha mpaka watu wakasahau kulalamika. Ndengu zilijaa, kunde zikajaa, na kila nyumba ikapeleka fungu lake la shukrani kanisani, likae kwenye stoo ya mabati mpaka Jumapili ya mavuno, siku ya mnada. Panya nao wakaipokea habari njema. Mtu mmoja akataja sumu, mzee wa kanisa, Kilonzo, akatikisa kichwa. Chakula kilichotolewa kwa Mungu hakitiwi sumu. Ndipo akamtumia Mumbua salamu: tunaomba paka yako.

Mumbua alikuwa amemaliza darasa la saba na kurudi nyumbani, na nyumbani kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Mbuzi walikuwa wa baba. Kuku walikuwa wa mama. Cherehani ilikuwa ya dada yake mkubwa. Paka ndiye aliyekuwa wake. Alimwokota akiwa bado hajafungua macho vizuri, siku ambayo lori lilimkanyaga mama yake barabarani, akamlea kwa kijiko. Alimwita Dioo kwa sababu alitembea kama D.O., afisa wa serikali, aliyekuja kukagua tarafa, polepole, akichungulia kila pembe, asiridhike na chochote.

Kwa hiyo alipomtoa alitoa na sharti. Dioo asitoke nje, barabara iko karibu mno. Basi mlango ukafungwa mchana na usiku, na ndani likawekwa karai kuukuu lililojaa mchanga wa mtoni.

Sasa, kanisa lile halikujua kufanya jambo lolote bila zamu. Kulikuwa na zamu ya kufagia, zamu ya maua, zamu ya kumpikia mhubiri mgeni. Paka naye akawekewa zamu. Jumatatu Wariara alileta omena kavu, dagaa wale wadogo, kutoka dukani kwake. Jumanne Mama Ndululu alileta maziwa, maana ng'ombe wake ndiye aliyesifiwa kuliko wote upande ule wa mto. Jumatano nyumba ya mzee Kilonzo ilileta muthokoi iliyobaki, mahindi yaliyokobolewa, na ndengu ndani yake. Wengine walileta walichokuwa nacho. Na kila mama alitaka Dioo apende chakula chake kuliko cha mwenzake, kwa hiyo hakuna aliyeleta kidogo. Paka mmoja akala kama wageni wa harusi.

Panya waliisha, hilo halina ubishi. Lakini magunia yakaanza kunuka.

Wariara alikuja mwenyewe. Alikuwa mama mnene, mwepesi wa miguu, aliyehamia Kiboko na mumewe Kinuthia kutoka Murang'a kufungua duka, na watu walimwita Mama Waithaka kwa jina la kifungua mimba wake. Alilinusa gunia lake, akamgeukia Mumbua.

"Mimi sina chuki na mnyama. Hata kwetu tulifuga paka. Lakini skiza. Hii paka ikiharibu gunia ingine moja, moja tu, kabla ya mavuno, Ndolo anapita hapa na lori yake akienda Mombasa, na itapanda. Huko kuna samaki mingi. Itafurahi."

"Mama Waithaka, haikuwa inafanya hivi nyumbani."

"Basi sasa imejifunza. Nani atanunua ndengu zinanuka?"

Mzee Kilonzo aliyekuwa amesimama pale alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Ni haki," akasema. Na kwa mzee yule, maneno mawili yalikuwa hotuba.

Mumbua hakulia mbele yao. Alichukua ungo, akaketi kwenye kizingiti cha stoo, akaanza kuchagua mawe kwenye ndengu, na macho akayaacha kwa Dioo. Kazi ya kuchagua ndengu ina faida hiyo. Mikono inajua njia, macho yanaweza kwenda kutembea.

Kwanza akadhani shida ni mchanga. Labda wa mtoni ni mzito, labda una baridi. Akaumwaga, akaweka jivu la jikoni, laini kama unga. Dioo aliingia ndani, akapiga chafya, akaruka, akapita juu ya magunia yote akiyapiga mihuri myeupe ya nyayo zake. Mama Ndululu alipofungua mlango na kuziona zile nyayo, alikwenda kutangaza kwamba sasa paka anaandika.

Mumbua akafagia jivu, akarudisha mchanga. Akaendelea kutazama.

Akaanza kuona. Baada ya omena za Wariara, Dioo alikaa kwenye karai muda mrefu, mgongo umepinda, na kilichotoka kilikuwa kigumu na kikavu kama mbegu za mkwaju, tena kidogo. Baada ya maziwa ya Mama Ndululu hakuna kilichosubiri karai. Palepale alipokuwa, ndipo hapo, na kwa bahati alikuwa sakafuni. Baada ya ndengu za kina Kilonzo, tumbo lilimvimba likanguruma, na stoo ikawa haikaliki mpaka mlango ufunguliwe. Ikafika mahali Mumbua akiingia asubuhi, kabla hajamwona paka, anajua jana ilikuwa zamu ya nani. Alicheka peke yake. Nyumba za watu zilikuwa zinakuja kusemwa kwenye karai, na wenyewe hawana habari.

Lakini kujua ni kitu kimoja, kumwambia mama wa watu kwamba chakula chake ndicho kinachoharibu ni kitu kingine. Kule kwao chakula ulicholetewa hukirudishi. Unakula, au unajifanya umekula.

Alianza na Mama Ndululu. Akamkuta zizini, anakamua.

"Mama, nimekuja na ombi."

"Ombi gani, mwiitu wakwa, binti yangu? Keti hapo kwa jiwe, usimshtue ng'ombe."

"Ni kuhusu yale maziwa ya Jumanne. Wale wanawake tunaochagua nao ndengu, mama, wanakunywa strungi, chai isiyo na tone la maziwa."

Mikono ya Mama Ndululu ikasimama. "Aiya! Strungi? Kanisani? Na ng'ombe wangu yuko hai?"

"Ndiyo, mama. Nikaona, kama yale maziwa yangeingia kwa chai..."

"Na paka?"

"Paka atavumilia."

Mama Ndululu alikamua mara mbili tatu. Kisha akamgeukia. "Mwiitu, mimi nimezaa watoto na nimezika bwana. Mtu akinizunguka najua. Sema tu. Maziwa yangu yanaendesha hiyo paka?"

Mumbua akatazama vidole vya miguu yake. "Kidogo, mama."

"Kidogo?"

"Kama mto mwezi wa Novemba."

Kicheko alichotoa Mama Ndululu kilimfanya ng'ombe apige kwato. Alicheka mpaka akaegemea ubavu wa ng'ombe, akifuta machozi kwa kiwiko. "Kwa hivyo siku ile hakuwa anachagua gunia?"

"Hakuwa na nafasi ya kuchagua, mama."

"Ngai! Maskini!" Akainua kidole. "Sikiza. Maziwa yataingia kwa chai. Lakini hiyo habari ya kuhara usiwaambie watu. Ile yangu ni tamu zaidi."

Kina Kilonzo hawakusumbua. Mumbua alimwambia tu mzee kwamba paka amevimba tumbo, na mzee akajibu, "Hata mimi," na muthokoi ikakoma kuja. Halafu Mumbua akaenda kwa Mbuvi wa bucha, akamwomba vile vipande vya matumbo na mapafu ambavyo huwatupia mbwa.

"Kwani siku hizi umefungua hoteli?" Mbuvi akamtania.

"Ndiyo. Mteja ni mmoja, na halipi."

"Basi huyo ni serikali," Mbuvi akasema, akamfungia kwenye gazeti.

Mumbua akavichemsha bila chumvi, akavikata vidogo, akampa Dioo na supu yake. Hakubadilisha kwa ghafla. Siku ya kwanza alitia vipande vichache ndani ya chakula alichokizoea, kesho yake akaongeza, hivyo hivyo, jinsi unavyomzoesha ndama majani. Akaweka na kopo la maji safi kando, maana alikumbuka kwamba katika ule ukarimu wote wa kanisa hakuna aliyewahi kuleta maji.

Tumbo likatulia. Alidhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Asubuhi moja aliingia akamkuta Dioo anazunguka juu ya magunia, mkia umeanza kupanda. Mumbua alimdaka hewani, akamkimbiza mpaka kwenye karai, akamweka. Dioo akatoka mbio kama ameketi juu ya makaa. Akamrudisha. Akatoka tena, safari hii akilia. Kwa nini? Chakula si kimebadilishwa? Na wiki nzima ile hakumzuia Wariara kuleta omena zake za Jumatatu, kwa woga, ila alimpa Dioo chache tu na kuziloweka.

"Aha."

Wariara alikuwa mlangoni. Nyuma yake, ng'ambo ya uwanja, lori la Ndolo lilikuwa limesimama mbele ya duka likipakua sukari, na Ndolo mwenyewe amekaa kwenye ngazi ya lori anakula andazi.

"Nimeiona na macho yangu," Wariara akasema. "Ilikuwa inaenda wapi? Kwa gunia. Mumbua, mimi nilisema."

"Haijaharibu, Mama Waithaka. Tazama, gunia ni safi."

"Kwa sababu umeishika. Usiku ni nani ataishika?" Akageuka kuelekea uwanjani, akavuta pumzi ya kumwita Ndolo.

Mumbua alimrudisha tu Dioo kwenye karai mara ya mwisho, akamshika kwa upole mabegani, kwa maana hakujua lingine la kufanya. Na Dioo akalia. Hakulia kama paka anayetaka chakula wala paka anayegombana. Ilikuwa sauti nyembamba, ndefu, ya mtoto anayeogeshwa kwa maji baridi.

Pumzi ya Wariara haikutoka na jina la Ndolo. Alirudi akainama, mikono magotini.

"Inalia hivyo kila siku?"

"Kwa karai tu. Tangu ile wakati ilikuwa inatoa choo ngumu."

"Wacha." Wariara akapiga magoti kabisa kwenye saruji, kanga na kila kitu. "Wacha, msichana. Usiilazimishe. Hii ni Waithaka."

"Ni nani?"

"Waithaka wangu! Akiwa mdogo alifunga choo, akaumia, maskini, mpaka damu. Tukampa mapapai, ikaisha. Lakini choo yenyewe, ile nyumba, alikataa kuingia. Ukimpeleka analia. Anaenda nyuma ya kitanda yetu. Baba yake akamchapa, hapana. Akamchapa tena, hapana. Mtoto alikuwa anafikiria ni ile nyumba ndio inamuuma." Akanyoosha kidole kwa karai. "Hata hii inafikiria ni karai."

Mumbua akamtazama Dioo, akalitazama karai, na jambo lililokuwa mbele ya macho yake siku zote likakaa mahali pake. Alikuwa ameangalia kinachotoka. Hakuwa ameuliza paka anakumbuka nini.

"Sasa Waithaka mlimfanyia nini, mama?"

"Tulimchimbia ingine. Ndogo, yake peke yake, upande ule mwingine wa boma." Alijiinua akipangusa magoti. Alipofika mlangoni akasimama, hakugeuka. "Na ile choo ngumu. Inatokana na nini?"

Hapo Mumbua angeweza kunyamaza. "Kitu kikavu, mama. Bila maji."

Mgongo wa Wariara ulifikiri kwa muda.

"Omena," akasema.

"Ni tamu, mama. Ilizipenda sana."

"Hata Waithaka alipenda mahindi ya kukaanga." Na akaenda. Ndolo alimpungia mkono kutoka kwenye ngazi ya lori, akimwuliza kama kuna mzigo wa Mombasa. "Hakuna!" Wariara akapaza sauti. "Kula andazi yako!"

Alirudi na sanduku la mbao lililokuwa limebeba sabuni, akalisukuma kwenye pembe ile nyingine, mbali na karai. Mumbua akaleta mchanga mpya, akauchekecha ukawa laini. Karai likatolewa nje likapewa kuku. Tangu siku ile, Jumatatu Wariara alikuja na kikombe cha maji na kisu chake mwenyewe, akakata matumbo pamoja na Mumbua, akimlaumu kwamba anakata makubwa.

Dioo aliliangalia sanduku kwa mbali. Akalizunguka. Akaweka mguu mmoja ndani akautoa, akaulamba, akaenda kulala. Mumbua hakumsukuma. Aliketi kizingitini na ungo wake, na hakupumua vizuri kwa siku kadhaa, hasa asubuhi, hasa kabla ya kugusa gunia la kwanza kuona kama ni kavu. Yalikuwa makavu. Halafu siku moja akakuta mchanga wa sandukuni umefukuliwa na kufukiwa vizuri, kichuguu kidogo katikati, kama shamba la mtu mwenye bidii.

Jumapili ya mavuno ikafika. Wanawake walivaa nguo zao za kijani za kikundi, wanaume wakaja kubeba magunia, na mzee Kilonzo akafungua kufuli mbele ya watu wote. Akaingia kwanza. Akasimama katikati ya stoo. Akanusa upande huu, akanusa upande ule, na wote mlangoni wakanusa pamoja naye, kimya, kama watu wanaongojea amina.

Dioo aliamka juu ya rundo la magunia. Akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma. Akashuka gunia kwa gunia, akapita katikati ya miguu ya mzee wa kanisa, akaelekea kwenye sanduku. Akaingia. Akachimba. Akaketi, akiutazama mkutano mzima bila haya, na hakuna aliyekohoa. Alipomaliza akafukia, akanusa, akafukia tena, akatoka.

"Safi," akasema mzee Kilonzo.

Mama Ndululu ndiye aliyeanza vigelegele. Wengine wakapokea, na wale waliokuwa nje ambao hawakuona chochote wakapokea pia, wakidhani mnada umefunguliwa. Mtu akaanzisha wimbo. Magunia yakatolewa kwa nyimbo, chai ikanywewa yenye maziwa mengi, na Mama Ndululu akawaeleza wageni waliotoka Makindu jinsi paka wa Kiboko alivyongoja mpaka mzee afungue mlango, akainamisha kichwa kwanza, ndipo akaingia.

Jioni stoo ilikuwa tupu, sakafu inarudisha mwangwi. Mumbua alikuwa anamwaga mchanga wa sandukuni nyuma ya kanisa ili ampeleke Dioo nyumbani. Dioo alikuwa amekaa juu ya ukuta mfupi, amefungwa kamba kiunoni kwa sababu ya barabara, akikagua machweo. Wariara akaja, amebeba kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba. Akakifungua mbele ya Dioo. Matumbo, yamekatwa madogo kabisa. Dioo akala bila haraka.

"Mumbua."

"Naam, Mama Waithaka."

"Dukani kwangu panya wamekula mpaka sabuni." Alikuwa anamkuna Dioo chini ya shingo, mahali penyewe hasa, mahali ambapo Mumbua alidhani ni yeye peke yake anapajua. "Nimeweka sanduku tayari. Mchanga nimechekecha mimi mwenyewe, hata Kinuthia alinicheka. Na mlango wa nyuma nimemwambia afunge waya, isitoke barabarani." Dioo akafumba macho, akasukuma kichwa kwenye kiganja chake. "Najua ni yako. Sisemi uniuzie, paka kama hii haiuzwi. Naomba tu. Nipatie Dioo, mwanangu. Utakuja kumwona kila siku ukitaka. Nipatie?"

Mumbua aliligonga sanduku chini, mchanga wa mwisho ukatoka pembeni. Akaligonga tena, ingawa lilikuwa limekwisha kuwa tupu.